Nywila ni Sahihi, Huduma Inakataa

SWALI: Ninatunza programu ya mishahara inayoita huduma ya wavuti ya mshirika wetu wa malipo, inayotumia SOAP (utaratibu wa kutumiana ujumbe wa XML). Nimeweka jina la mtumiaji na nywila katika kichwa cha Authorization cha HTTP, na msimamizi wa huduma amethibitisha kwamba vyote viwili ni sahihi, lakini kila ombi linakataliwa. Nikague nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kagua kwanza mahali unapoiweka nywila, kwa sababu huduma za SOAP huweza kuitafuta katika sehemu mbili tofauti, na kuiweka katika mojawapo hakuitoshelezi nyingine. Ya kwanza ni hicho kichwa cha HTTP. Ya pili imo ndani ya bahasha ya SOAP yenyewe, yaani ule ujumbe wa XML unaobeba ombi, katika kipengele cha UsernameToken, ambacho shirika la viwango la OASIS lilikiwekea kanuni mwaka 2004 chini ya WS-Security, kiwango cha usalama wa ujumbe wa SOAP. Ukirudishiwa 401, namba ya HTTP ya kukosa utambulisho, kinachodaiwa ni kile kichwa cha HTTP. Ukirudishiwa hitilafu ya SOAP yenye neno InvalidSecurity au FailedAuthentication, bahasha yako haina utambulisho au unao usiokubalika. Kwa kuwa nywila imekwisha kuthibitishwa, ninaelekea kuamini kwamba tatizo ni hili la pili. Fungua faili la WSDL, linaloeleza jinsi huduma inavyoitwa, ulitafute neno UsernameToken kabla ya kubadilisha chochote.

Ukikuta inadaiwa PasswordDigest, yaani muhtasari uliokokotolewa kutokana na nywila, usitume nywila wazi. Programu iunganishe thamani ya nasibu isiyorudiwa, wakati wa kuundwa kwa ujumbe na nywila, kwa mfuatano huo, ipitishe yote katika SHA-1, kanuni ya kukokotoa muhtasari huo, kisha iandike matokeo kwa Base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida. Thamani hiyo ya nasibu husafiri ikiwa katika Base64, lakini katika hesabu hutumika baiti zake za asili, jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Wakati nao uandikwe kwa UTC, saa ya kimataifa ya rejea: ukiandika saa ya Afrika Mashariki na kuimalizia kwa herufi Z, ambayo ni alama ya UTC, seva itauona ujumbe kama uliotoka saa 3 mbele na huenda ikaukataa hata kama nywila ni sahihi.

Kwa njia yoyote ile, maombi yapite kwenye HTTPS pekee, nawe usizime ukaguzi wa cheti cha seva ili tu kazi iende. Base64, ambayo kwa kawaida ndiyo huandikia nywila katika kichwa cha HTTP, haifichi kitu. Yeyote anayenasa mawasiliano huifungua papo hapo. Hii ni mishahara ya watu, kwa hiyo omba akaunti ya programu peke yake, yenye ruhusa ya kazi hiyo tu, na nywila uihifadhi nje ya msimbo, katika faili linalosomwa na programu hiyo pekee, ili iweze kubadilishwa bila kuijenga programu upya.