Nyiradi za kulala zianze kabla hujapanda kitandani

Wengi wanaosema nyiradi za kulala, yaani dhikri na dua za kabla ya usingizi, zinawashinda hawashindwi na wingi wake, wanashindwa na mpangilio. Mtu anajitupa kitandani hoi, simu mkononi, ndipo anaanza kukumbuka asome nini. Akifika "Subhanallah" ya kumi na tano, usingizi umeshampitia. Dawa ni kuzigawa: mengine uyamalize ungali umesimama, mengine umekaa, na ukishalaza ubavu libaki neno dogo tu.

Anza na Isha yenyewe. Sisi wa Mwanza tusifuate adhana ya redio inayorushwa kutoka Dar es Salaam. Jua la huku linachelewa kuzama kwa zaidi ya robo saa mwaka mzima, na mwezi wa Juni tofauti inapita nusu saa. Ukiswali kwa saa ya Dar unaweza kuswali kabla ya wakati, na witri, swala ya kufunga usiku, nayo inaharibika, maana wakati wake huingia baada ya Isha. Kama huna uhakika wa kuamka usiku, swali witri ndipo ulale, Mtume (s.a.w.) alimuusia swahaba wake Abu Huraira hivyo. Ukiamka baadaye, swali rakaa mbilimbili upendavyo, usirudie witri.

Udhu wa kulala ni kama wa swala. Nyumba za mlimani, Mabatini au Igogo, ambako maji hupandishwa kwa madumu, watu huuacha kwa kuogopa kumaliza maji. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani maji yasiyofika lita. Kopo moja linatosha, mradi humwagi ovyo.

Ukiwa bado umesimama, funga mlango kwa Bismillah, funika ndoo na sufuria, zima moto. Hadithi imetaja panya anayeburuta utambi akaunguza nyumba, na mwenye koroboi au mshumaa hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi naliingiza humo na jiko la mkaa lililoletwa ndani msimu wa mvua: hata lisipounguza kitu, hewa yake inaua waliolala.

Kisha kung'uta kitanda. Tumefundishwa kupangusa tandiko kwa upindo wa nguo, kwa jina la Allah, kwa sababu hujui kilichopita juu yake ulipoondoka. Huku ziwani hilo halina ubishi: wale wadudu wa ziwani wakivamia taa jioni, asubuhi unawakuta wamejaa kwenye shuka. Zima taa ya chumbani mapema, pangusa mara tatu, ndipo ushushe chandarua. Ukianza na chandarua, umewafungia ndani.

Sasa kaa kitandani. Soma Ayatul Kursiy (Al-Baqara, aya ya 255), kisha Qul tatu: Ikhlas, Falaq na Nas. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Watu husoma kila sura mara tatu, halafu wanajipangusa mara moja. Alivyosimulia Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, Mtume alikuwa akikutanisha viganja, akipuliza na kuzisoma zote tatu, kisha akipangusa mwili kadiri mikono inavyofika, akianzia kichwani, usoni na mbele ya mwili. Alifanya hivyo mara tatu. Kwa hiyo ni mizunguko mitatu kamili. Mwanamke aliye katika hedhi, kwa madhehebu yetu ya Shafi, azitamke kwa nia ya dhikri, si ya kusoma Qur'an.

Fuatisha tasbihi aliyofundishwa Bi Fatima, binti wa Mtume, alipoomba mtumishi: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Takbira ni 34, usichanganye na ile ya baada ya swala. Hesabu kwa vidole, ungali umekaa. Ukilala utapoteza hesabu.

Mwisho, lala ubavu wa kulia, kiganja cha kulia chini ya shavu, useme dua aliyofundishwa swahaba al-Baraa bin Azib, inayoanza "Allahumma aslamtu nafsi ilayka". Sharti lake iwe maneno yako ya mwisho. Ukishika simu tena kujibu ujumbe, irudie. Na ishike kwa matamshi yake: al-Baraa alipoirudia akasema "rasulika" (Mtume wako), Mtume alimrekebisha aseme "nabiyyika" (Nabii wako).

Ikiwa yote haya ni mengi kwako, shika Ayatul Kursiy na dua hiyo ya mwisho kila siku, uongeze taratibu.

Wavuvi wa dagaa huuliza wafanyeje, maana usiku wao ni wa kazi. Aya mbili za mwisho za Al-Baqara, 285 na 286, zimefungamana na usiku, si na kitanda, basi zisomwe mtumbwini mkisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Kung'uta na kulalia ubavu wa kulia vingoje asubuhi, baada ya Alfajiri, mtu anapojilaza. Na zile siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na watu wakabaki nyumbani, ndizo za kuanza kuzoea mpangilio mzima.