Matusi ya kabila uwanjani, na mchezaji mwenye mimba: klabu ya wanawake ifanye nini?

Swali: Mimi ni katibu wa klabu ya wanawake, komine ya Katuba, Lubumbashi. Mechi iliyopita mashabiki wa wapinzani waliwaimbia wasichana wetu matusi ya kabila, wakaongeza «rudini jikoni». Nusura watoke uwanjani. Tena, mshambuliaji wetu mwenye mkataba ana mimba, na rais wa klabu anataka kumwachisha. Tufanyeje?

Jibu: Mama Katibu, afadhali hawakutoka. Timu inayoondoka bila uamuzi wa refa huhesabiwa imekimbia mechi, na inaweza kupewa kipigo cha 3-0 hata kama ndiyo iliyotukanwa.

Mchezaji aliyetukanwa apishanishe mikono mbele ya refa, vifundo vya mikono kimoja juu ya kingine, kama alama ya X. Ishara hiyo ilipitishwa kwenye mkutano mkuu wa FIFA, Bangkok, Mei 2024. Refa anasimamisha mchezo na tangazo linasomwa. Matusi yakiendelea, timu zote zinaingia vyumbani kwa muda. Yakirudi tena, refa anavunja mechi.

Hapa kwetu hatua ya kwanza ndiyo inayokwama: ishara inatolewa, refa anashangaa, kipaza sauti hakijulikani kiko kwa nani. Ulizeni hayo kwenye kikao cha kabla ya mechi, mbele ya komisera, yaani msimamizi wa mechi. Na tangazo lisomwe kwa Kiswahili. La Kifaransa kitupu haliwafikii wanaoimba.

Msikubali kuambiwa kwamba weusi kwa weusi hakuna ubaguzi. Kanuni za FIFA zinataja rangi, kabila, taifa na jinsia pamoja, kwa hiyo «rudini jikoni» inaingia kwenye ripoti ileile. Kwa kanuni hizo, mchezaji au kiongozi anayebagua hufungiwa mechi zisizopungua 10. Kwa mashabiki, klabu yao ndiyo inayojibu.

Faili nyingi zinakufa kwa sababu ya sentensi moja: «walitutukana». Andikeni maneno yenyewe, hata kama yanatia aibu, kwa lugha iliyotumika, tafsiri ifuate. Wekeni dakika, upande wa jukwaa, na majina ya waliosikia. Video ibaki kwenye simu iliyoirekodi, maana ikishapita WhatsApp inapoteza ubora na tarehe yake ya asili. Kapiteni aombe malalamiko yaandikwe kwenye karatasi ya mechi kabla ya kutia sahihi, na komisera apewe nakala kabla hajaondoka uwanjani.

Kuhusu mimba, rais wenu asiandike barua yoyote kwanza. Tangu 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya wiki 14 au zaidi, angalau 8 zikiwa baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara. Kabla ya likizo analipwa mshahara kamili, akicheza kwa ruhusa ya madaktari au akipewa kazi nyingine klabuni. Akirudi, apokewe. Mchezaji wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, aliishtaki klabu yake ya Lyon, Ufaransa, kwa mishahara ya wakati wa mimba, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000.

Klabu ikimwachisha kwa sababu ya mimba, inadaiwa thamani ya mkataba uliobaki (hupungua akipata klabu nyingine), inaongeza mishahara ya miezi 6, na inaweza kufungiwa kusajili kwa madirisha (vipindi vya usajili) mawili mfululizo. Mshambuliaji wa mbadala ni rahisi zaidi: kanuni zinaruhusu kumsajili wa muda nje ya dirisha, mwenzake akiwa likizo ya uzazi.

Lakini ulinzi huu ni wa mwenye mkataba ulioandikwa, anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Kama analipwa bila risiti, akusanye leo ujumbe wa malipo ya simu na nakala ya mkataba, azitunze nyumbani kwake, si ofisini kwa klabu.