Jalidi ya kwanza na hoho zako: kazi ni ya mchana, sio ya usiku

Wale mnaolima hoho au pilipili kali kwa mara ya kwanza sehemu zenye majira manne, hii ni yenu, jinsi ya kuiokoa mimea na jalidi, yaani ile baridi ya usiku inayogandisha majani. Vuli ikiingia, sio ile ya mvua, ni majira ya kati ya kiangazi na baridi kali, ndo mimea inakuwa imechangamka, imebeba matunda, mengine yanaanza kugeuka rangi, afu unafungua simu unaona usiku wa leo digrii 3, unajiambia aa haijafika sifuri, tuko salama. Hapana aisee. Hiyo digrii 3 ni ya hewa iliyopimwa juu juu, kama mita moja na nusu kutoka chini, na usiku uliotulia usio na mawingu jani linapoteza joto lake kwenda angani haraka kuliko hewa inayolizunguka, kwaiyo jani linaweza kuganda huku simu bado inasoma 2 au 3. Mimi utabiri ukisema 4 na anga halina wingu nafunika tu, sibishani na mtu.

Wingu na upepo ndo vya kuangalia jioni. Mawingu yanarudisha joto chini, na upepo mwepesi unachanganya hewa ya juu yenye uvuguvugu na ile ya chini, ndo maana usiku wa mawingu wenye kaupepo unaweza kulala bila wasiwasi hata kama namba inatisha kidogo. Usiku wa hatari ni ule unaotoka nje unaona nyota zote, hakuna jani linalotikisika, na hewa ni kavu. Halafu hewa baridi ni nzito, inateremka, inajaa sehemu za bondeni na inakwama nyuma ya uzio uliozibwa mpaka chini, kwaiyo usishangae hoho za upande mmoja wa bustani zimekufa na za upande wa juu, hatua chache tu, ziko fresh kabisa.

Sasa kitu ambacho wageni wengi hawakipati: joto litakaloiokoa hoho yako linatoka ardhini. Udongo umekula jua mchana kutwa, usiku unalitoa taratibu, na kazi ya kifuniko ni kulikamata lile joto kabla halijapotea. Ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga yenyewe. Kwa mfano kuna mtu anachukua shuka, anaufunika mche kwa juu afu anaukusanya na kuufunga kamba kwenye shina kwa chini, anaona kafanya kazi safi, kumbe kaufungia mche nje ya joto lote la udongo. Kifuniko kinatakiwa kishuke mpaka chini pande zote kama chandarua kilichochomekwa, na pindo zake uzikandamize kwa mawe au mbao, pasibaki upenyo.

Ndo maana nasema kazi ni ya mchana. Asubuhi au mchana wa siku hiyo mwagilia udongo, sio majani, udongo, kwa sababu udongo mkavu umejaa hewa na hewa haitunzi joto, udongo wenye unyevu unabeba joto jingi zaidi na unalitoa vizuri usiku. Kama umetandaza nyasi au majani makavu juu ya udongo yasogeze pembeni asubuhi ili jua liupige udongo moja kwa moja, maana matandazo yanazuia joto kuingia mchana na yanalizuia kutoka usiku, sifa nzuri siku zote isipokuwa siku hii moja. Funika jua likiwa bado lipo. Ukisubiri saa nne usiku ndo uanze kuhangaika na tochi, joto lenyewe limeshaondoka, unafunika baridi.

Kifuniko chenyewe sio lazima kiwe cha kununua, mashuka ya zamani, blanketi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mboga, vyote vinafaa. Kitambaa chepesi kinakupa kama digrii 1 au 2, kizito kinaweza kufika 3 au 4 hivi, zaidi ya hapo usitegemee. Nailoni ni mtego kidogo, inazuia upepo sawa, ila pale inapogusana na jani, jani hilo linaganda, kwaiyo isimamishie vijiti isiguse. Na hata shuka simamishia vijiti tu, shuka likilowa umande linakuwa zito na matawi ya hoho yenye matunda yanachanika palepale kwenye panda, unaamka asubuhi baridi haikuua kitu ila nusu ya mche iko chini. Kama una madumu, yajaze maji yakae juani mchana, jioni yaingize chini ya kifuniko katikati ya miche, yatatoa joto taratibu usiku kucha. Mishumaa na majiko chini ya kitambaa achana navyo, utaunguza bustani.

Mtu atakuuliza mbona wenye mashamba ya matunda wanawasha mitambo wanamwagia maji miti usiku. Kweli wanafanya, maji yakiganda yanatoa joto, lakini yanatakiwa yamwagike mfululizo mpaka barafu iyeyuke, maji yakikatika katikati ya usiku uvukizi unaipoza mimea kuliko ungeiacha ilivyokuwa. Mpira wako wa bustani hauiwezi hiyo kazi.

Asubuhi usikimbilie kufunua. Baridi kali zaidi inakuwa karibu na jua kuchomoza na hata muda kidogo baada ya hapo, ngoja hewa ipate joto ndo uondoe, ila usisahau, chini ya nailoni jua likipanda miche inapikika.

Wenye hoho kwenye makopo nyie mna raha, ingizeni ndani, ila kagueni vidukari chini ya majani kwanza msije mkavihamishia nyumbani.

Je inafaa kupigana kila usiku? Kwangu inategemea siku zinazofuata. Mara nyingi jalidi ya kwanza inakuja usiku mmoja au miwili afu joto linarudi, hapo funika, utavuna wiki kadhaa zaidi. Lakini kama utabiri unaonyesha usiku wote ni wa digrii 5 kushuka chini na mchana wa ubaridi, achana nayo, hoho asili yake ni Amerika ya kitropiki, chini ya digrii 10 hivi inasimama tu, haikui, haiivi, maua yanadondoka, unatunza pambo. Na baridi inayokuja na upepo mkali kifuniko hakiisaidii sana, hewa yote ni baridi juu mpaka chini. Hapo chukua mkasi uvune.

Kuvuna nako: kata na kikonyo chake, usivute. Yaliyoanza kugeuka rangi hata kidogo yataendelea kuiva ndani ya nyumba yakikaa sehemu yenye joto la kawaida. Makubwa magumu ya kijani yaliwe hivyohivyo, mengine yatageuka polepole mengine hayatageuka. Yale madogo laini hayana mwendelezo. Friji kali sio nzuri, chini ya digrii 7 hoho zinaanza kutoka vidonda vya kudidimia kwenye ngozi. Na mwakani wiki nne mpaka sita kabla ya muda ambao jalidi hufika kwako, anza kuchuma maua mapya, tunda linahitaji mwezi na zaidi toka ua mpaka ukubwa kamili na wiki nyingine za kupata rangi, kwaiyo hayo maua yanakula nguvu za bure.

Ikikupiga usiku bila kujua, asubuhi utaona majani yamekuwa kijani kilichoiva kama yamelowa, yanang'aa, mchana yananing'inia na kuwa meusi. Usiukate mche siku hiyo. Mara nyingi yamekufa ya juu tu na yale yamekinga yaliyo chini, tafuta matunda huko ndani. Kagua moja moja kwenye mabega karibu na kikonyo, sehemu iliyoganda inakuwa kama kioo cha maji na ukibonyeza na kidole gumba inaingia. Hilo usilihifadhi bichi wala kulikausha, kata sehemu mbovu, lipikwe leo leo au likatwe liingie frizani.