Re: Jiki ya kudekia inafaa kuoshea kidonda?

Mkuu, umeuliza kama jiki mnayodekia hapo Nkuhungu, Dodoma, inafaa kuoshea kidonda cha mguu. Hapana, itakuunguza. Hata spiriti usiimwage kwenye kidonda kibichi. Hiyo hupakwa kwenye ngozi isiyo na jeraha kabla ya sindano. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funika. Kama ni msumari, au kimejaa hili vumbi letu, nenda zahanati wakuangalie habari ya chanjo ya pepopunda.

Jiki ibaki sakafuni. Palipomwagika damu, futa kwanza, kisha jiki yenye klorini asilimia 3.5 changanya kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, iache dakika 10 ndipo udeki. Usiichanganye kabisa na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Na chupa msiiweke juani, inaisha nguvu.