Kamba kukatika mfuko ukipandishwa

Ndugu yangu wa Kondele, kamba haikurogwa. Unasema ilishika mfuko wa saruji wa kilo 50 ukining'inia tu, kisha ikakatika vijana walipoupandisha kwa pupa kwenda orofa ya pili.

Mfuko ukining'inia, kamba hubeba uzito wake: 50 × 9.8 (mvuto wa dunia kwa kila kilo), yaani nyutoni 490; nyutoni ni kipimo cha nguvu. Ukipanda kwa kasi isiyobadilika bado ni 490 ile ile. Hapa ndipo watu wa mjengo hubisha, lakini sheria ya pili ya Newton haiulizi kama kitu kinaenda, inauliza kama mwendo wake unabadilika.

Mfuko ukianza kuongeza kasi kwenda juu, mvutano wa kamba lazima uzidi uzito: T = m(g + a), yaani mvutano (T) ni kilo za mfuko (m) mara jumla ya 9.8 (g) na mchapuko (a), kasi inavyoongezeka kila sekunde. Mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba unakupa 50 × 11.8 = 590. Sasa kamba iliyolegea ikivutwa ghafla mpaka ikakaza, a inaweza kufika 10 bila shida: nyutoni 990, mara mbili ya uzito. Fundo nalo hudhoofisha kamba, kwa hivyo tazama kama haikukatikia hapo.

Halafu kuna roda mliyofunga kwenye boriti. Inavutwa na pande zote mbili za kamba, kwa hivyo ndoano yake inabeba karibu 1,980. Mimi hiyo ndoano ndiyo ningeiogopa zaidi. Waambie wakaze kamba polepole kwanza, ndipo wavute, na mtu yeyote asisimame chini.