Uvimbe kwenye kovu la kitovuni: saratani ya mama imerudi?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mwaka jana mama yangu alitolewa kizazi kwa upasuaji wa matundu, kwa sababu ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Sasa kando ya kitovu, palepale kwenye kovu, kuna kitu kigumu kama mbegu ya ubuyu, na kinakua. Anakipaka mafuta ya habasoda. Shangazi anashikilia kuwa ile gesi waliyomjaza tumboni ndiyo iliyotawanya ugonjwa, afadhali angepasuliwa kwa kisu kirefu. Mama naye hataki kusikia habari ya hospitali mpaka harusi ya mdogo wangu ipite, miezi mitatu ijayo.
Binti yake, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Harusi iendelee, lakini mama aonwe wiki hii.

Uvimbe kwenye kovu si lazima uwe saratani. Huenda ni uzi wa kushonea uliokataliwa na mwili, au ngiri: mwambie akohoe akiwa amesimama, kisha alale chali. Ngiri mara nyingi hutokeza akikohoa na kurudi ndani akilala. Kitu kigumu kisichorudi na kinachoendelea kukua, kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, sitakiita kovu mpaka maabara iseme.

Shangazi yako hakukosea kila kitu. Tumbo hujazwa kaboni dioksaidi ili liinuke na daktari aone, na kwa miaka mingi gesi hiyo imeshukiwa kuvukisha seli za ugonjwa inapopenya kandokando ya mabomba membamba yanayopitishwa kwenye matundu. Lakini seli huweza pia kubaki kwenye kidonda nyama yenye ugonjwa inapokwaruza njia ya kutokea, au kubebwa na vyombo vinavyoingia na kutoka. Ndiyo maana daktari makini huitia nyama hiyo mfukoni kabla ya kuitoa, na huiachia gesi itoke mabomba yakiwa bado ndani. Hata kidonda cha kisu kirefu ugonjwa huweza kurudia hapo. Tena kwa saratani ya aina ya mama, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 2012 ulikuta waliofanyiwa kwa matundu na waliopasuliwa wazi wakiwa sawa: karibu asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ya shingo ya kizazi ndiyo hadithi nyingine, huko matundu yalishindwa katika utafiti wa 2018. Basi shangazi asimtie mama majuto bure.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili. Hospitali moja ya New York ilifuatilia wanawake 1,694 wenye saratani waliofanyiwa upasuaji huu. Waliootwa na ugonjwa kwenye matundu walikuwa 20 tu, ila 19 kati yao walikutwa nao mahali pengine mwilini pia. Kwa hiyo msikubali kliniki ya mtaani ikikate kile kitu, ishone, na nyama iishie kwenye ndoo ya taka. Kwanza kichomwe sindano, kipande kipelekwe maabara. Kikithibitika, apigwe skani ya tumbo na kifua. Kama ni hapo tu, hukatwa pamoja na nyama nzima inayokizunguka, na mara nyingi mionzi au dawa hufuata. Kama kuna pengine, mpango hubadilika na dawa hutangulia.

Mrudisheni kwa daktari aliyempasua, au Coast General kitengo cha saratani. Chukueni ripoti ya maabara ya kizazi kilichotolewa, pamoja na ile ya upasuaji wenyewe. Mkiwa hamna, ni haki yenu kuziomba. Uliza pia kizazi kilitolewa kupitia wapi, na kama kilikatwakatwa ndani.

Habasoda apake akipenda, ila pale pasikandwe. Na siku hiyo ingia naye kwa daktari, usibaki benchi la nje, kina mama wa rika lake huulizwa panapouma wakajibu, “Alhamdulillah, sijambo.”