Nimsifu Mungu kwa Bahari, Kisha Niuze Samaki wa Baruti?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza samaki wa kukaanga hapa Tanga. Alfajiri nikishuka pwani kusubiri vyombo, jua likichomoza baharini huwa naimba peke yangu hadi machozi yananitoka. Mwalimu mmoja wa jumuiya yetu amenikemea. Anasema kusifu huku ukiitazama bahari ni mlango wa mizimu, na kwamba dunia hii itateketea, nisihangaike nayo. Nikamuuliza kuhusu samaki wa baruti, yaani waliovuliwa kwa kulipua baharini, ninaowachukua kwa shemeji yangu kwa bei nafuu. Akanijibu kuwa hilo ni la serikali, halihusu wokovu. Moyo wangu hautulii. Nifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Swali lako limeninyima raha, na aliyeninyima si wewe, ni huyo mwalimu.

La kuimba halina mjadala mrefu. Endelea. Aliyetunga Zaburi ya 104 aliitazama bahari, akaona merikebu zikipita na viumbe wasiohesabika, wadogo kwa wakubwa, akamsifu Mungu. Wanaokwenda kuweka nadhiri kwenye mapango ya Amboni wanaomba kitu kwa kile wanachoamini kimo pangoni. Wewe hukuiomba bahari kitu, ulimshukuru aliyeiumba. Mwenye macho ya imani anaiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Hilo la pili ndilo limenikera. “Dunia itateketea” ni neno la 2 Petro 3:10, na wanaolipenda huishia hapo hapo, kana kwamba Petro alikata roho kabla ya kufika mstari wa 11. Alifika, na akauliza: kwa kuwa vitu hivi vyote vitafumuliwa, imewapasa ninyi kuwa watu wa tabia gani? Kisha mstari wa 13 anasema tunatazamia mbingu mpya na nchi mpya, “ambayo haki yakaa ndani yake.” Basi sura ile ile wanayoitumia kuhalalisha uzembe inatudai haki.

Petro huyo huyo, mistari michache kabla, anaikumbusha gharika. Naomba mwalimu anieleze: Mungu alipokwisha kuamua kuiangamiza dunia kwa maji, alimwambia Nuhu nini? Alimwagiza aingize wanyama na ndege safinani, hata walio najisi, na awawekee chakula. Hakumwambia aachane nao kwa kuwa mwisho umefika. Mwisho ulikuwa mlangoni, na mtu wa Mungu alikuwa anabeba majani ya mbuzi.

Wengine hukimbilia “mkatawale samaki wa baharini.” Sawa, tutawale. Lakini mtawala anayempendeza Mungu ameelezwa Zaburi ya 72: humwokoa mhitaji aliapo. Anayelipua mwamba si mtawala wa aina hiyo. Na si kila kiumbe kimewekwa kwa ajili ya karai letu. Wataalamu walidhani silikanti, samaki wa kale, alitoweka zamani za dinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wetu wa Tanga nao wakawa wanamnasa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Vizazi vyote hivyo aliishi kwenye kina chenye giza, hakuna mchuuzi aliyemjua, na Mungu alikuwa akimlisha.

Sasa tuje kwenye karai lako, mama. Unawajua samaki wa baruti kuliko mimi. Ukimpasua unakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, mifupa imeachana, nyama imelegea, na ukimtia kwenye mafuta anamomonyoka. Huyo ni yule uliyemwona. Wengi zaidi walizama wakaoza chini, pamoja na vifaranga vyao, na matumbawe yakabaki kokoto. Yapo matumbawe ambayo kwa mwaka hayarefuki hata sentimita 2. Anayelipia hasara hiyo ni mzee wa dema na mshipi anayerudi na ngalawa tupu, na ni yule mama anayetafuta pweza maji yakitoka. Wameibiwa, ingawa hakuna aliyeingia nyumbani kwao. Kwa hiyo si jambo la serikali peke yake. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza baruti, lakini Amosi 5 ilitangulia: Mungu alikataa kusikiliza nyimbo za watu wake mpaka haki itelemke kama maji makuu. Wimbo wako wa alfajiri ni wa kweli, ndiyo maana moyo hautulii ukifika kwa shemeji.

Jibu langu ni kwamba usiwanunue tena.

Najua nimesema hivyo nikiwa nimeketi kwenye kiti, wewe una ada za shule, na pengine deni la kikoba. Kwa hiyo usiache kwa kishindo. Anza kuchukua vibua na dagaa kwa wavuvi wa nyavu halali, hata mtaji ukiwa mdogo, na wateja waambie kwa nini bei imepanda kidogo. Wengine watakuelewa kwa sababu samaki wako hatamomonyoka. Mwone mzee wa kanisa wa mtaa wako kuhusu deni. Kanisa linalopokea sadaka yako lina wajibu wa kukubeba miezi hii ya mwanzo, na kama wazee watasita, waambie nimesema mimi.

Shemeji usimwaibishe mbele za watu. Zungumza naye kwa upole, mkewe akiwepo ikiwezekana, na umkumbushe wanaume wa pwani hii waliopoteza mikono kwa baruti. Akikataa, habari za kwenda BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, usizibebe peke yako. Njoo kwanza tuzungumze, maana najua hasira ya ndugu inavyoweza kumrudia mwanamke. Na sadaka uliyokwisha kutoa kutokana na samaki hao usiidai wala isikunyime usingizi.